Nataka kujitengenezea maiki, nianzie wapi?

Msomaji ameniandikia hivi: "Habari za kazi fundi. Nina rekoda ndogo ya mkononi, kadi ya sauti na maiki moja ya dukani, narekodi ndege, mvua na magitaa ya washkaji miaka miwili sasa. Nataka nianze kujitengenezea vifaa mwenyewe. Nimepata mchoro wa maiki ya kondensa ya valvu na nimeshaanza kutafuta vipuri vyake, ila sijawahi kulehemu kitu maishani. Nianzie wapi, ninunue nini, na je kweli nitaokoa hela? Halafu natamani sana kurekodi chini ya maji, inawezekana?"

Salama kabisa ndugu yangu, na hongera, maana mtu akishaanza kurekodi mvua kwa hiari yake huyo harudi tena nyuma.

Huo mchoro wa valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) ukunje uweke kwenye droo kwanza. Sikukatishi tamaa, ila maiki ya valvu inataka pawa sapulai yake yenyewe inayotoa volti mia na kitu, na kapasita zake kubwa zinabaki na umeme hata ukishachomoa plagi ukutani, yani unazima, unaenda kupokea simu, unarudi unagusa, inakurusha. Mtu ambaye hajawahi kushika chuma cha kulehemu hana sababu ya kukutana na kitu hicho mwezi wa kwanza. Kila nitakachokwambia hapa kinatumia betri au umeme mdogo wa rekoda yenyewe, ukikosea unaunguza kipuri basi, huungui wewe.

Lakini hata kama valvu ingekuwa haina hatari bado ningekwambia usianzie hapo, na sababu nimeilipia mwenyewe. Kitu changu cha kwanza kabisa kilikuwa priampu, yani kikuzaji cha sauti ndogo ya maiki. Chaneli mbili, boksi la bati, taa nyekundu mbele, kila kitu. Nikawasha, mmmmmmmm, muungurumo mzito kama jenereta ya jirani. Nikabadilisha kapasita, nikahamisha transfoma, nikafumua ethi nikafunga upya, wiki saba zikakatika, kumbe kosa liko kwenye kebo niliyoitengeneza jioni ileile, pini namba 1 risasi ya kulehemu ilikuwa imekaa juu juu tu kama tone la maji kwenye jani. Maiki nimetengeneza mimi, kebo mimi, priampu mimi, kwa hiyo vyote vitatu ni watuhumiwa na shahidi hayupo. Tangu siku hiyo nina sheria moja: kwenye mnyororo wa kurekodi kiwepo kitu kimoja tu ambacho umekitengeneza na hujakithibitisha, vingine vyote viwe vile unavyojua kabisa vinafanya kazi. Mpangilio wote ninaokupa unatoka hapo.

Kwa hiyo cha kwanza ni kebo ya XLR, ile ya maiki yenye plagi ya pini tatu. Ndio, kebo, najua haina mvuto.

Vifaa vyenyewe si vingi. Chuma cha kulehemu chenye kurekebisha joto, kiweke nyuzi 350 hivi, kakoleo ka kukatia, kifaa cha kumenya waya, na multimita yenye mlio. Risasi ya kulehemu tafuta ile ya 63/37, yenye utomvu wake ndani, inayeyuka nyuzi 183 na inaganda palepale haikawii. Kuna risasi isiyo na risasi ndani (ndio Kiswahili chetu hicho, madini na waya wa kulehemu tunaviita jina moja), hiyo inayeyuka kwenye 217 kwenda juu na ni salama zaidi kwa afya ila mwanafunzi inamsumbua, haitiririki kirahisi. Ukitumia ya kawaida nawa mikono kabla ya kula. Ule moshi wala si wa madini ya risasi, ni utomvu unaoungua, lakini nao mapafu hauyapendi, fungua dirisha.

Pini za XLR ziko tatu: 1 ni ethi, inabeba ule wavu wa nyaya unaozunguka kebo, 2 ndio sauti, 3 ni sauti hiyohiyo iliyogeuzwa kichwa chini. Kelele ikiingia njiani inaingia kwenye 2 na 3 kwa kiasi kilekile, na mashine inayopokea inachukua tofauti kati yao, kwa hiyo kelele inajifuta na sauti inabaki.

Kabla hujagusa moto, vua kifuniko cha nyuma cha plagi ukivishe kwenye waya. Fanya sasa hivi. Utasahau, kila mtu anasahau, mimi mpaka leo nasahau, unamaliza pini zote tatu zimekaa vizuri zinang'aa halafu unaona kifuniko kimelala mezani kinakuangalia, na hapo dawa ni kufumua tu. Menya gamba la nje sentimita 2, sokota wavu uwe kama kamba moja, waya za ndani menya milimita 4. Pakaza risasi kidogo kwenye kila ncha. Jaza risasi nusu ya kikombe cha pini. Halafu pasha kikombe chenyewe, siyo ile risasi, mpaka ya ndani iyeyuke, zamisha ncha, toa chuma, tulia bila kutikisika mpaka ipoe. Plagi iwe imechomekwa kwenye mwenzake muda wote huo, la sivyo plastiki inalainika na pini zinakwenda upande.

Risasi iliyoshika utaijua kwa macho, inapanda kwenye waya na kuishia taratibu kama imemwagwa. Isiyoshika inakaa kidonge, imepauka, ukiivuta kidogo inachomoka. Ukimaliza weka multimita kwenye mlio: 1 kwa 1 ilie, 2 kwa 2, 3 kwa 3, halafu 1 na 2, 1 na 3, 2 na 3 zisilie kabisa. Wakati unapima ichezeshe kebo karibu na plagi, mlio ukikatika hata mara moja irudie. Kisha itumie wiki nzima na ile maiki yako ya dukani. Ikipita hapo una kebo shahidi, tengeneza ya pili na ya tatu, maana ya tatu ndio mkono unakuwa umeshazoea.

Baada ya hapo ndio maiki, na maiki ya kuanzia ni kapsuli ya elektreti, kale kakikopo ka milimita 10 au 6 kalikojaa kwenye hedifoni na vifaa vidogo vidogo kila mahali. Iligunduliwa na Gerhard Sessler na James West pale Bell Labs 1962. Maiki ya kondensa ya kawaida inataka volti nyingi za kuchaji ile ngozi yake, hawa wao wakatumia plastiki ambayo chaji imelazwa humohumo ndani inakaa miaka na miaka, kama sumaku inavyokaa na usumaku wake bila betri. Umeme kidogo unahitajika kwa ajili ya katransista ka FET kaliko ndani tu.

Watu wanadharau elektreti kwa sababu wameisikia ya bei ya kutupa. Usinunue kwa sura, soma karatasi ya kiwanda utafute namba ya SNR, yani sauti inaizidi kelele ya kapsuli kwa desibeli ngapi. Namba hiyo inapimwa dhidi ya sauti ya desibeli 94, kwa hiyo fanya hesabu ya kutoa: kapsuli yenye SNR 60 ina kelele yake yenyewe ya 34, na yenye SNR 80 ina 14. Chumba cha kulala kilichotulia usiku kipo kama 25 au 30 hivi. Maana yake ile ya kwanza ina kelele kuliko chumba chako, na ya pili inasikia chumba vizuri na ndege wa mbali pia. AOM-5024L ya PUI Audio, ile toleo la HD, iko kwenye hizo 80, na Primo EM272 inapendwa sana na wanaorekodi mazingira. Nunua tano, siyo moja. Moja utaiunguza, usibishe.

Igeuze uangalie nyuma. Utaona vidoa viwili vya kulehemu. Kimoja kina vijinjia vyembamba vya shaba vinavyokwenda kugusa ukingo wa kikopo, hicho ni ethi. Kingine kimekaa peke yake kama kisiwa, hicho ndio sauti na volti chanya kwa pamoja. Bana kikopo kwenye koleo la chuma linyonye joto, gusa sekunde moja, mbili ikizidi, toa, subiri ipoe ndio uende kidoa cha pili. Ya kwangu ya kwanza niliikalia kama sekunde kumi nikitafuta mkao mzuri, ilifanya kazi hivohivo ila sauti kama mtu anaongea chini ya godoro.

Upande wa pili ni jeki ndogo ya milimita 3.5. Ncha ni chaneli ya kushoto, pete ya katikati ni ya kulia, shina ni ethi ya zote mbili. Ingia kwenye menyu ya rekoda uangalie kama kuna sehemu ya kuwasha umeme wa maiki kwenye tundu hilo, nyingi zinatoa kati ya volti 2 na 5 na hizo zinatosha kabisa, wengi wanakaa wanalalamika maiki imekufa kumbe hawajawasha. Kwenye simu usijaribu na jeki hiyo, tundu la simu lina sehemu nne na maiki inakaa kwingine. Na kitu kimoja nakuomba kwa msisitizo, kapsuli hii usiilehemu moja kwa moja kwenye XLR ukaiwashia fantomu, ule umeme ambao kadi ya sauti inaupeleka kwa maiki kupitia kebo, volti 48 zake zitaimaliza, nyingi mwisho wake ni 10. Kuna saketi ndogo ya kushusha, utaijenga baadaye.

Ukiwa nazo mbili zinazosikia sawa, zinasikia pande zote hizi, ziweke sentimita 17 mpaka 20 mbali, kama upana wa kichwa, na katikati pawe na kitu kigumu. Kwa wewe wa ndege jibu rahisi ni shina la mti, moja huku moja kule, unazifunga na kamba unaondoka. Shina lenyewe linafanya kazi ya kichwa, ukisikiliza kwa hedifoni unageuka kutafuta ndege yuko wapi. Zivishe manyoya bandia tu, upepo hauna huruma na hizi.

Jinsi ya kupima. Subiri usiku, maiki izungushie mablanketi uisokomeze kabatini katikati ya nguo, rekodi dakika moja ya ukimya, kisha hamisha maiki ya dukani palepale urekodi dakika nyingine, halafu tikisa funguo mbele ya zote mbili kwa umbali uleule. Funguo ni nzuri sana kwa sauti za juu. Ule ukimya ufungue kwenye programu ya Audacity uangalie spektra, ile grafu ya nguvu ya sauti kwa kila hezi. Kama kuna mlima kwenye hezi 50 (au 60, kutegemea umeme wa nchi uliyopo) jua kuna waya unadaka umeme wa nyumba, mara nyingi wavu wa ethi haujafika mahali. Mlima mkubwa ukiwa kwenye mara mbili yake, 100 au 120, shuku pawa sapulai ya kitu fulani kilichounganishwa. Jaribu kuchomoa chaja ya laptopu kabla hujafumua kitu chochote, nakwambia kwa uzoefu.

Cha tatu ni piezo, na hapa ndipo mi huwa nasahau kulala. Ni kasahani ka shaba nyeupe katikati, milimita 27 kawaida, hakadaki sauti ya hewani vizuri ila ukikabandika kwenye kitu kanasikia mtetemo wa hicho kitu: ubao wa gitaa, waya wa uzio, bomba, dirisha mvua ikinyesha. Nunua zilizokwisha kulehemewa waya, maana ile ngozi ya fedha juu ya udongo mweupe inabanduka haraka.

Sasa watu wanaichomeka moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la rekoda, inasikika kama redio ndogo ya zamani, nyembamba haina besi, wanasema piezo mbovu. Piezo siyo mbovu. Yenyewe kiumeme ni kama kapasita ya nanofaradi 20 hivi, na kapasita ikikutana na tundu lenye ohmu 10,000 inakata kila kitu kilicho chini ya hezi 800 kama mteremko. Piga hesabu, moja gawanya kwa mbili pai mara ohmu mara faradi, inakuja 796. Tundu hilohilo likiwa la ohmu milioni moja mkato unashuka mpaka hezi 8, na hapo besi yote imo. Kwa hiyo inataka kitu katikati chenye mlango mkubwa, tunakiita bafa, na hiyo ndio saketi yako ya kwanza ya kweli.

Chukua chipu ya TL071, miguu minane. Betri ya volti 9, chanya mguu wa 7, hasi mguu wa 4. Mguu wa 6 uunganishe na wa 2 kwa kipande cha waya, hapo chipu inatoa kile inachopokea bila kukuza. Rezista mbili za 100k (k ni ohmu elfu, M ni milioni) zipange kutoka chanya kwenda hasi, katikati yao utapata 4.5, weka kapasita ya maikrofaradi 10 kutoka hapo kwenda hasi itulie. Kutoka hiyo 4.5 peleka rezista ya 1M (kahawia, nyeusi, kijani) kwenye mguu wa 3. Waya wa katikati ya piezo upitie kapasita ya nano 100 uingie mguu wa 3, shaba yake iende hasi. Sauti inatoka mguu wa 6 kupitia maikro 10 nyingine, upande wenye mstari mweupe, ambao ndio hasi, ukitazama nje kwenye jeki. Basi. Jenga kwanza kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu ya kuchomeka vipuri, bila kulehemu, gonga meza piezo ikiwa imebandikwa juu, ukisikia dum badala ya tik ujue imekubali. Chipu inakula kama miliampi moja na nusu, betri itakaa saa zaidi ya 300. Ukishalehemu itie kwenye kopo la chuma na ethi iguse kopo, la sivyo utasikia umeme wa nyumba nzima.

Umeona, kila hatua imeleta kitu kimoja kipya tu. Kapsuli ilitegemea rekoda unayoijua, bafa inategemea piezo ambayo ni kipande cha shaba haina cha kuharibika sana.

Priampu ya maiki iache mpaka mwaka upite, na siyo kwa sababu ina vipuri vingi, siku hizi chipu kama INA217 inafanya kazi yote na ukuzaji unauweka kwa rezista moja, ya ohmu 10 inakupa karibu mara 1000. Tatizo ndio hiyo mara 1000. Uchafu wa maikrovolti 100 ambao kwenye bafa hukuuona unatoka milivolti 100, kila waya uliopita karibu na transfoma unajitangaza. Siku ukifika huko na ukataka kuweka fantomu, zile rezista za 6.8k mbili zinatakiwa zilingane, tofauti isizidi asilimia 0.4, nunua ishirini ukae na multimita uchague pacha. Kadi ya sauti na rekoda yenyewe mi nasema usijenge kabisa, kugeuza sauti kuwa namba ni taaluma nyingine na za dukani ni nzuri.

Hela? Mwaka wa kwanza hapana, utanunua chuma, multimita, na utaunguza vitu. Kebo zitarudisha hela mapema, maiki za elektreti pia, tena sana. Priampu sijawahi kuona ikimrudishia mtu hela akihesabu na muda wake, tunajenga kwa sababu tunapenda.

Chini ya maji, ndio, inawezekana na ni piezo hiyohiyo, ila bafa iwe imeshafanya kazi nchi kavu kwanza. Piezo mbili zibandike mgongo kwa mgongo, shaba kwa shaba, hizo ziende ethi, na zile nyeupe mbili zilizobaki nje ziunganishe pamoja, hivo shaba zinabaki katikati na waya wa sauti uko nje, kwa hiyo funika juu kwa utepe wa plastiki kisha karatasi ya shaba iliyounganishwa na ethi ili isidake kelele. Zamisha yote kwenye epoksi tabaka mbili, ya kwanza ikauke kabisa, angalia vipovu hasa pale waya unapoingia, maji yanapenda kupita hapo yakifuata waya. Jaribu kwenye ndoo, fungua bomba taratibu tone moja moja. Tone likigonga maji unasikia kwanza tak kidogo halafu kale ka-bluup, kale ka-bluup siyo tone, ni kipovu cha hewa kilichonaswa chini yake kinalia kama kengele. Usipokisikia, ukasikia shhh tu yenye muungurumo, chomoa, kausha, pima ethi kwa mlio. Na kopo la betri libaki nje ya ndoo, kuna mtu alishawahi kuniuliza.